Gari letu liligoma kuwaka katikati ya mbio Hockenheim: uzi wa wanafunzi wa uhandisi wanaounda gari la mashindano

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika kuhusu gari. Si la kuagiza Japani, ni gari tulilolibuni na kulijenga wenyewe tukiwa wanafunzi wa uhandisi mitambo nchini Ujerumani. Kuna jambo moja nililopata kule ambalo natamani kila kijana wa chuo cha ufundi huko nyumbani alipate: gari la mashindano linatakiwa kukamilika mapema kuliko linavyotakiwa kuwa zuri. Sikufundishwa darasani. Lilinipata mbele ya watu, nikiwa nimevaa fulana ya timu.

Mashindano yanaitwa Formula Student. Yalianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Formula SAE, yakaingia Uingereza mwaka 1998, na Wajerumani wakaanza ya kwao mwaka 2006 kwenye uwanja wa mbio wa Hockenheim. Kila timu ya chuo inaunda gari dogo la kiti kimoja, matairi yako nje kama ya magari ya Formula 1. Wanaobuni ni wanafunzi, na wanaoendesha ni hao hao. Profesa anaruhusiwa kushauri, lakini spana ibaki mikononi mwa wanafunzi.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani magari yanafukuzana. Hapana, kila gari linashindana na saa. Tena kati ya pointi 1000, pointi 325 zinatolewa gari likiwa limesimama: 150 za kutetea ubunifu wako mbele ya majaji, 100 za hesabu ya gharama, ambako unaandika bei ya kila kitu mpaka nati na washa, na 75 za kuwashawishi watu kwamba gari hilo linaweza kuwa biashara. Ndipo linakuja suala la kuendesha. Kuna kuchomoka mita 75, kuna kuzunguka namba nane, kuna mzunguko mmoja wa kasi kati ya koni, na mwisho kabisa mbio ndefu ya kilomita 22. Hiyo ya mwisho, ukiichanganya na hesabu ya mafuta uliyotumia, ilikuwa inabeba zaidi ya theluthi ya pointi zote. Kwa hiyo usipomaliza mbio ndefu umekwisha.

Sasa sikilizeni. Agosti, mwaka wangu wa kwanza kwenye timu. Jua kali, lami inachoma mpaka kwenye soli za viatu. Gari letu limemaliza nusu, kilomita 11, limeingia mahali pa kubadilisha dereva. Kanuni inatoa dakika 3. Unazima injini, dereva wa kwanza anashuka, wa pili anaingia, mnamfunga mikanda, anawasha, anaondoka. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kufunga mikanda kwenye karakana mpaka vidole vikaota sugu, tukamaliza muda ukiwa bado upo. Dereva akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Stata ikazunguka mara moja, nzito, kama mtu anayevuta ndoo iliyojaa. Ikasimama. Akabonyeza tena, tukasikia mlio wa "tk" peke yake. Jaji amesimama na saa mkononi, haangalii gari, anaangalia saa. Binti aliyekuwa kiongozi wetu wa umeme alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Muda ukaisha. Tukalisukuma gari nje kwa mikono, watu wanane, na injini ilikuwa nzima kabisa.

Nitaendelea.

#2

Mkuu weka vitu, tumekaa hapa. Swali la kwanza: hiyo injini mnaunda wenyewe au mnanunua? Na ilishindwa kuwaka kwa nini?

#3 (mwanzisha uzi)

Injini wengi wanachukua ya pikipiki. Kanuni inaruhusu isizidi sentimita za ujazo 710. Kuna timu zinatumia ya silinda nne kutoka pikipiki za mbio, sisi tulikuwa na ya silinda moja kwa sababu ni nyepesi.

Lakini usifikiri unaweka injini kubwa halafu unapaa. Kanuni inakulazimisha hewa yote ya injini ipite kwenye tundu moja lenye kipenyo cha milimita 20. Pima kwenye rula uone, ni dogo kuliko sarafu nyingi. Ni kama kunywa soda kwa mrija mwembamba, hata uvute namna gani kuna kiasi ambacho hakizidi. Hewa ikipita pale kwenye tundu inafikia kasi ya sauti, na ikishafikia hapo, kuvuta zaidi hakuongezi chochote. Sababu ni usalama, ili mwanafunzi asijijengee kitu kitakachomuua. Pia inawasawazisha watu. Timu tajiri haiwezi kununua nguvu, lazima itafute umbo zuri la bomba la kuingizia hewa, ipunguze uzito, ipange gia vizuri.

Kuhusu kugoma, tulipofika chini ya hema tulipima betri. Ilikuwa imelala. Wakati wa kubuni tulikuwa tunahesabu kila gramu, tukachagua betri ndogo zaidi tukaokoa kama gramu 600. Tukashangilia kabisa. Tulichosahau ni kwamba jenereta ya pikipiki ile ilitengenezwa kulisha taa na plagi, na sisi tukaiongezea feni ya rejeta, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Kwenye njia ya koni unakata kona mfululizo, mzunguko wa injini unapanda na kushuka, feni haizimi kwa joto lile. Betri ikawa inatoa kuliko inavyopokea, kidogo kidogo, kwa kilomita 11. Halafu injini ya silinda moja yenye mgandamizo mkubwa inahitaji stata yenye nguvu kweli kuizungusha ikiwa ya moto.

Hesabu ile ingeweza kufanywa na mtoto wa sekondari. Au hata bila hesabu: endesha kilomita 11, zima, subiri dakika tatu, washa. Hatukuwahi kufanya hivyo hata mara moja, kwa sababu gari letu lilikamilika wiki tatu kabla ya mashindano. Michoro ilikuwa mizuri mno. Tulikuwa tunairekebisha mpaka Machi.

#4

Wanangu mimi ni fundi, nipo mtaa wa Gerezani, Dar, tangu miaka ya 90. Nimesoma hapa nikafurahi. Nataka kujua fremu mnachomelea na nini, na mnazuia vipi isijipinde. Maana hapo ndipo vijana wa chuo wanapoharibu. Wanachomelea upande mmoja mpaka mwisho, wanageuza, bomba limeshakuwa upinde.

#5 (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe.

Fremu yetu ilikuwa ya mabomba ya chuma, tulichomelea kwa TIG, ule uchomeleaji wa umeme unaokingwa kwa gesi. Kuna timu zinatengeneza bodi nzima kwa nyuzi za kaboni, ni nyepesi na ngumu, ila inataka tanuri na uzoefu. Sisi tulitengeneza kwanza meza ya chuma yenye vishikio, kila bomba linakaa mahali pake kabla moto haujawaka. Halafu tunashika kwa nukta tu fremu yote, ndipo tunachomelea kipande huku, kipande kule, kwa kupishana, ili joto lisilale upande mmoja. Na bado ilihama milimita mbili nyuma, tukalazimika kukereza upya vishikio vya mikono ya sapensheni. Mtu aliyetufundisha kupishanisha alikuwa fundi wa karakana ya chuo, mzee mmoja wa makamo yako, hana digrii, na hakuna profesa aliyethubutu kubishana naye.

Kanuni ni kali kwa vitu ambavyo mafundi wazuri mnavijua kwa mkono. Bolti yoyote ya sapensheni, usukani, breki au mikanda lazima iwe na kizuizi cha kufunguka, nati ya kujifunga au waya wa kufungia, na mwisho wa bolti lazima utokeze angalau nyuzi mbili nje ya nati. Mkaguzi anainama na tochi anaangalia moja moja. Baada ya hapo gari linalazwa kwenye meza inayoinuka mpaka digrii 60, dereva wenu mrefu kuliko wote akiwa ndani, na tone lolote likidondoka mnarudishwa nyuma. Dereva anatakiwa atoke mwenyewe ndani ya sekunde 5 akiwa amefungwa kila kitu. Kila ukaguzi mnaopita mnabandikiwa stika kwenye pua ya gari. Zile stika, mzee, watu wanazilia.

Mimi nilikuwa kwenye breki. Jaribio lake ni rahisi kulieleza: gari linaongeza kasi, dereva anakanyaga, matairi yote manne lazima yajifunge kwa pamoja. Magari haya yana silinda kuu mbili kwenye pedali, moja inasukuma mafuta ya breki mbele na moja nyuma, na katikati kuna fimbo yenye nyuzi unayoizungusha kugawa nguvu. Mara ya kwanza ya nyuma hayakufunga. Nikaingia chini ya pua ya gari, nikazungusha fimbo nusu duru. Mara ya pili ya nyuma yakafunga, tairi moja la mbele likawa linazunguka. Nikarudisha robo. Foleni nyuma yetu inasubiri, jua linazama. Mara ya tatu nikasikia sauti ya mpira kabla sijaona. Nilikimbia pale, nikapiga magoti, mistari minne myeusi sambamba juu ya lami. Nikaigusa, bado ilikuwa ya moto.

#6

Hadithi nzuri, ila tuseme ukweli. Nchi haina kiwanda cha magari cha maana. Mwanafunzi akijua kutengeneza gari la mbio ataajiriwa wapi? Hela hiyo si bora vyuo vinunue vifaa vya maabara?

#7

Niko Nairobi. Ndugu wa #6, swali lako lina historia. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Wakaunda kweli, likaitwa Nyayo Pioneer, likaonyeshwa Kasarani mwaka 1990. Uzalishaji haukufika popote kwa kukosa fedha. Watu hapa hulikumbuka wakicheka, mimi sicheki. Watu walichukua chuma wakatoa gari linalotembea, wakati hakuna intaneti ya kutafutia chochote. Kilichokosekana ni mwendelezo. Kungekuwa na kundi la wanafunzi kila mwaka linalorithi michoro na makosa ya waliotangulia, leo tungekuwa kwingine.

#8

Kampala hapa, naongezea ya Makerere. Wao walianza hivyo hivyo kama wanafunzi, walishiriki mradi wa kimataifa wa kubuni gari pamoja na vyuo vya nje, gari likaitwa Vision 200, mwaka 2008. Waliporudi wakaendelea wenyewe. Novemba 2011 wakatoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. 2014 ikaja Kiira EV SMACK, 2016 basi la sola la Kayoola, na sasa ni kampuni kamili. Gari dogo la wanafunzi ndilo lililofungua njia.

#9 (mwanzisha uzi)

Asanteni sana wa #7 na #8, mmenisaidia. Neno "mwendelezo" ndilo lenyewe. Ujerumani timu inabadilika karibu nusu kila mwaka kwa sababu watu wanahitimu, na jambo linaloamua timu gani ni nzuri ni daftari la makabidhiano. Tulikuwa na sheria: huondoki kwenye timu bila kuandika kila kilichoharibika mikononi mwako na sababu yake. Ukurasa wa betri niliuandika pamoja na yule binti wa umeme usiku ule ule, kabla hatujalala.

Ndugu wa #6, sikupuuzi. Kuhusu ajira nijibu kwa tukio. Kwenye kutetea ubunifu, jaji mmoja mhandisi mtu mzima alishika kiti cha beringi cha gurudumu la mbele, kile kipande cha aluminiamu, akamuuliza mwenzetu: "Kwa nini ukuta huu ni milimita nne?" Akajibu kwamba kompyuta imeonyesha unatosha. Jaji akauliza, "Na kompyuta umeijuaje kama inasema kweli?" Kimya. Mwenzetu yule alikuwa na alama za juu kuliko sisi wote darasani. Mwaka uliofuata alibandika vipimo vya mnyumbuko, vile vipande vidogo vinavyoonyesha chuma kinavyonyumbuka, kwenye mikono ya sapensheni, akaendesha gari kwenye kona, akalinganisha namba za barabarani na za kompyuta. Zilitofautiana. Akagundua alikuwa amekadiria vibaya nguvu ya tairi. Siku hiyo ndipo alipoanza kuwa mhandisi, na mhandisi wa aina hiyo anahitajika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye pampu ya maji kijijini, kwenye kivuko, kila mahali.

Na hela nyingi hazikuja kama hela. Tulikuwa tunaandikia karakana ndogo za mjini: nyinyi mna mashine ya kukata kwa leza, tukatieni vipande hivi, tutaweka jina lenu kwenye gari. Wengine walikubali, wengi hawakujibu.

#10

Vipi upande wa umeme? Niliona habari ya gari la wanafunzi kufika kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde moja, nikajua ni uongo wa mtandaoni.

#11 (mwanzisha uzi)

Ni kweli mkuu. Ni wanafunzi wa chuo kikuu cha ETH Zürich na wenzao wa chuo cha Luzern, Uswisi. Septemba 2023 gari lao Mythen lilitoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956, ndani ya mita 12.3. Lina uzito wa kilo 140 hivi, mota nne, kila gurudumu na yake, na lina kifaa cha kunyonya hewa chini ili ling'ang'anie lami. Lile lilijengwa kwa ajili ya rekodi. Kwenye mashindano ya kawaida nguvu ya gari la umeme ina mpaka wa kilowati 80, na umeme wenyewe unaruhusiwa kufika volti 600. Volti hizo hazisamehe, ndiyo maana siwashauri wanaoanza waanzie huko. Gari la umeme hata linamwagiwa maji kwenye ukaguzi, dakika mbili mfululizo, kuona kama umeme unavuja.

#12

Kaka shikamoo. Niko mwaka wa tatu uhandisi mitambo, chuo kimoja hapa Dar. Tuko wanne, wasichana wawili wavulana wawili, tunataka kuanza. Idara imesema haina fungu. Tuanzie wapi? Na mwaka wa pili gari lenu lilimaliza?

#13 (mwanzisha uzi)

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho.

Mwaka wa pili tulifunga michoro Desemba. Kiongozi wetu alisimama akasema kuanzia leo atakayeleta wazo jipya aliweke kwenye sanduku la mwaka kesho. Kulikuwa na wazo langu la pedali nyepesi, likaingia sandukuni, liliniuma. Aprili gari likakanyaga lami. Kila Jumamosi tulikuwa kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kiwanda kimoja, tumepanga koni, tunaendesha kilomita 11, tunazima, tunasubiri dakika tatu, tunawasha. Jumamosi ya pili kishikio cha rejeta kikapasuka kwa mtikisiko. Jumamosi ya nne bolti ya egzosi ikaanguka, tukaitafuta kwa magoti. Baadaye hosi ya maji ikalika kwa kusuguana na fremu, tundu dogo kama la sindano. Vitu hivyo vyote vingetuangusha Agosti. Vikatuangusha Mei, mahali ambapo hakuna jaji.

Agosti tukafika kwenye kubadilisha dereva. Akabonyeza. Likawaka mara moja. Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila sauti iliniishia siku mbili. Tulimaliza kilomita zote 22. Hatukuwa wa kwanza, tulikuwa katikati ya orodha, na watu wazima walilia.

Sasa nyinyi. Msiwaze Hockenheim bado. Pakueni kitabu cha kanuni, kinapatikana bure, kisomeni chote, hasa sehemu ya fremu, mikanda na breki, maana kila mstari uliandikwa kumlinda dereva. Kisha jengeni kigari kidogo cha kiti kimoja. Injini ya boda ya 125 au 150 inatosha kabisa, spea zake zipo kila kona na kila fundi anaijua. Gurudumu na breki mnaweza kuanzia za bajaji. Fremu ichoreni nyinyi, ipimeni nyinyi. Gawaneni: mmoja fremu, mmoja injini na mnyororo, mmoja breki na usukani, na mmoja kazi yake iwe muda na fedha tu, huyo asishike spana hata akililia. Timu nyingi zinaanguka kwa kukosa huyo wa nne.

Andikeni tarehe ambayo gari lazima lisimame juu ya matairi yake, na iwe miezi mitatu kabla ya siku ya kulionyesha. Msiendeshe barabarani, tafuteni uwanja uliofungwa, kofia ngumu ya kichwani ni lazima, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mtu wa kuushika awe na jina. Nikirudi Desemba nitakuja na vipimo vya mnyumbuko nilivyobaki navyo, nitawafundisha kuvibandika.

#14

Binti wa #12, nina injini ya boda 150 chini ya benchi, mwenyewe aliitelekeza. Gia ya tatu inaruka, hiyo tutaifungua pamoja. Mabomba mtanunua, kuchomelea nitawaelekeza ila mtachomelea wenyewe. Njooni Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mje na mchoro wenye vipimo, sitaki picha ya simu.

#15

Shikamoo mzee. Tutakuja wote wanne. Mchoro upo, ila upana wa nyuma bado hatujakubaliana, wawili tunasema sentimita 110, wawili 120. Tutamaliza ubishi huo kabla ya Ijumaa usiku.

#16

Chukueni 120 mwanangu, kigari chembamba kinabinuka. Lakini njooni na hesabu zenu, mnaweza kunibadilisha.